Leso Iliyoitwa Bandia

Jumatatu, 7 Aprili

Binti yangu Chiku amenipigia simu kutoka Mombasa. Ananiambia nikishikwa na hasira niandike badala ya kupiga kelele, kwa sababu ya presha. Daktari naye aliniambia nipunguze chumvi. Chumvi nimepunguza. Basi na tuone hili la kuandika, maana jana niliitwa mwongo mbele ya watu, na damu nikaisikia ikipiga masikioni.

Nieleze kwa utaratibu. Hoteli moja kule Diani inatayarisha chumba cha kumbukumbu za marehemu Bi. Tumu Chiriku, mwimbaji wa taarabu aliyeimba kwenye harusi zetu zote mpaka alipofariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Meneja wa hoteli, msichana wa bara aitwaye Judy, alitangaza kwamba mwenye kitu chenye saini ya Bi. Tumu akilete kikaguliwe. Kitakachothibitishwa kitatundikwa mbele na jina la mwenyewe chini yake, na huyo mwenyewe ndiye atakayefungua pazia siku ya ufunguzi.

Mimi nina leso. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, kule Bodo. Bi. Tumu aliimba, mimi nikalia, nikaenda kumtuza huku kamasi zinanitoka. Akanishika mkono. "Wewe umelia kumshinda mama wa bibi harusi. Hebu lete hiyo leso." Kalamu haikuwapo. Akachukua njiti ya piko, ile ile aliyokuwa akichorwa nayo bibi harusi miguuni, akaandika kwenye pindo: TUMU. Aliandika polepole, ncha ya ulimi nje, na mimi nimemshikia kitambaa kisikunjike. Tangu siku ile leso hiyo haijaonja maji.

Hotelini alikuwapo Bwana Tembo, mhakiki wa saini kutoka Nairobi. Ana lenzi, ana tochi ya mwanga wa zambarau, ana albamu nene ya saini za Bi. Tumu alizozikusanya miaka na miaka. Leso yangu aliitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Mama, hii ni bandia. Aliyeandika hapa hata kuandika kwenyewe kunamshinda."

"Mwanangu, nilikuwapo. Nilishika kitambaa."

"Kila mtu huniambia alikuwapo."

Akafuata Hasina, wifi yangu, dada wa mume wangu. Leso yake imeandikwa "Tumu Chiriku" kwa wino, herufi zimelala vizuri, na mkia wa ile ya mwisho umepinda juu kama mdomo wa ndege. Bwana Tembo hata lenzi aliisahau. Akatoa cheti, akabandika muhuri wa dhahabu unaong'aa, akampa mkono.

Hasina akanigeukia. "Pole, wifi. Labda ulisinzia pale harusini ukaota."

Wanawake wakacheka. Nassir, mume wangu, alikuwa kando yangu akitazama viatu vyake. Maskini, aliona haya kwa ajili yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Ijumaa, 11 Aprili

Dukani nimesalimiwa na Dama, jirani yangu: "Shikamoo, Mama Bandia." Nikamwitikia marahaba. Nimefika nyumbani ndipo nikakasirika. Hasira zangu nazo huchelewa kama mimi mwenyewe.

Jumanne, 15 Aprili

Leo si jambo la kuchekesha. Mimi ni somo. Wasichana wa Msambweni wakikaribia kuolewa huletwa kwangu niwafunde mambo ya nyumba na ya ndani ya nyumba, na mama zao hulala usingizi kwa kuwa wanajua Twaiba akisema jambo limekuwa hivyo. Sina shamba, sina duka, nina neno langu tu.

Asubuhi alikuja mama yake Purity, yule anayeolewa mwezi wa saba. Aliuliza habari za Chiku, za mvua, za mguu wangu, mpaka nikajua kuna jambo.

"Somo, usinielewe vibaya. Wazee wa upande wa pili wamesikia yale ya hotelini. Wanasema mtu akiweza kudanganya juu ya marehemu…"

"Sema tu, dada."

"Tumeonelea mara hii tumpe Bi. Hasina."

Hasina! Hasina ambaye wali wake hata paka huuzunguka mara mbili kabla ya kuamua. Nikamsindikiza mgeni hadi njiani, nikamwombea heri, nikarudi ndani nikaupiga mto ngumi.

Nassir akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akasema yatapita.

Jumapili, 20 Aprili

Hayatapita. Nimekaa nikisikiliza mvua nikawapanga. Kwanza Bwana Tembo, aliyenihukumu bila hata kuniuliza jina. Pili Hasina. Wengine wakicheka nitawasamehe, baadaye, nikishapumzika.

Nimekwenda kumwona Judy. Akanipa kiti, akanipa juisi.

"Mathee, pole sana, lakini si mimi huamua. Ni ekspati. Wenye hoteli bila cheti chake hawawezi kubali kitu."

"Na yeye ana cheti cha nani?"

Akacheka, akadhani natania. Lakini amenipa habari moja nzuri: Bwana Tembo atakuja tena siku ya ufunguzi, tarehe tano Julai, na kama kuna saini iliyochelewa ataihakiki palepale mbele ya wageni.

Basi dawa yake nimeipata. Nitatengeneza saini ya uongo kabisa, aithibitishe mbele ya watu wote, kisha nisimame niseme nimeiandika mimi jikoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimejaribu. Judy alinitumia picha ya saini ya Hasina, nami nikaketi na karatasi tangu chai ya asubuhi. Mkia wangu haufanani na mdomo wa ndege. Unafanana na ndoana, na mara moja ulifanana na kijiko.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo umefanana na mguu wangu wa kulia.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwomba Nassir anisaidie. Kazi yake ni kuandika mabango, na nusu ya maduka ya Ukunda na Bongwe majina yao ameyaandika yeye. Zaidi ya hapo, ujanani alikuwa fundi mitambo wa kikundi cha Bi. Tumu, akibeba vipaza sauti na kuketi mlangoni kulinda nyaya.

Akakataa. Akasema mkono unamuuma. Alasiri nikamwona juu ya ngazi anaandika BUCHA HALALI kwa herufi ndefu kama mlango.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa, hakuna kutoka. Nassir amekaa nyumbani hana pa kukimbilia.

Nilimwekea meza, karatasi, kalamu, na simu yenye ile picha. Nikamwambia, "Baba Chiku, sikulazimishi. Jina langu limekufa, nami niko peke yangu kwenye mazishi yake. Mara moja tu. Nione kama inawezekana."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa kwangu, mekundu kidogo. Mkono ukashika kalamu, ukaandika "Tumu Chiriku", ukapandisha mkia, ukamaliza mdomo wa ndege, na yeye bado ananitazama mimi.

Hakuitazama picha. Hata kwa kuiba jicho.

Nikasema, "Andika tena."

Akaandika tena. Ile ile. Kama mtu anayeandika jina lake.

Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya sufuria pale panapovuja. Kisha nikamuuliza leso ya Hasina iliandikwa na nani, akasema, "Mimi." Nikamuuliza nini kingine ameandika. Akauliza kama naweza kumpa maji kwanza. Nikamwambia achote kwenye sufuria.

Hadithi yenyewe hii hapa. Wakati ule taarabu ya harusi ilikuwa ndani, kwa wanawake. Wanaume walikaa nje, wakasikiliza kupitia pazia, na Bi. Tumu hakulivuka pazia hilo kwa mtu yeyote. Mwanamume akitaka saini yake humpa kaseti Nassir aliyekuwa mlangoni, aipeleke ndani.

"Mara ya kwanza niliipeleka," akasema. "Bi. Tumu akaniambia, Nassir, kwangu mimi kuandika ni kazi kuliko kuimba. Andika wewe, wafurahi, waende kwao. Nikaandika. Wakafurahi. Baadaye nikaongeza mkia."

"Kaseti ngapi?"

"Zote."

"Zote za nani?"

"Za wanaume wote, Mama Chiku. Hakuna mwanamume aliyewahi kupata saini ya Bi. Tumu."

"Na albamu ya Bwana Tembo?"

"Niliifungua pale hotelini alipokwenda kunywa chai. Ni mimi mwanzo hadi mwisho." Na alisema hivyo, Mungu amsamehe, kwa kujisikia kidogo.

Kwa hiyo mtaalamu hakukosea hesabu yake. Leso yangu kweli haifanani na zile zake. Zake zote zimetoka kwa wanaume wenzake, na wanaume wenzake wote walipewa mkono wa mume wangu. Sisi wanawake tuliokuwa ndani hakuna aliyetuuliza kitu.

"Na nilipoitwa mwongo, wewe unajua yote haya?"

"Nilitaka kusema."

"Ukasema nini?"

"Nilisema moyoni."

Jumapili, 4 Mei

Chai ya Nassir leo haina sukari. Hajauliza.

Jumatatu, 5 Mei

Wala maziwa.

Jumamosi, 10 Mei

Orodha yangu imebadilika. Nassir amewapita wote na kukaa juu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wasichana wa watu, mume mpole ni neema. Sikuwaambia kwamba mpole anaweza kukaa kando yako, ukweli wote uko mfukoni mwake, akatazama viatu.

Lakini kesho nitaanza na Hasina. Nitamwambia leso yake ni kazi ya kaka yake, na cheti chake afungie karanga. Nimeyapanga maneno. Nimeyasema mbele ya kioo. Nilipendeza.

Jumapili, 11 Mei

Sikuyasema.

Nilimkuta Hasina anapiga pasi leso ile juu ya kitambaa cheupe, moto mdogo, kama anayembembeleza mtoto. Akanikaribisha kwa kejeli zake: "Karibu, wifi. Umekuja kuona saini inavyokuwa?" Nikaketi. Nikauliza, kwa kumtega, aliipataje.

"Hujui? Nilikuwa edani. Bi. Tumu kaja kuimba nyumba ya tatu kutoka hapa, na mimi mjane mpya, sitoki. Nilikuwa nasikia sauti yake kupitia ukutani. Nassir akaja akachukua leso yangu, akarudi nayo imeandikwa. Akaniambia, Bi. Tumu anakupa pole. Nilijifunika nayo mpaka eda ikaisha."

Akainua pasi, akaitazama leso. Hakuwa akijigamba. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake, nikamwona Hasina usoni bila ya kutafuta kasoro.

Nikanywa chai yake, mbaya kama siku zote, nikaenda zangu. Maneno yale mazuri ya kwenye kioo nimerudi nayo yamelowa mvua.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Nimemlaani Nassir mara mbili, moja kwa ajili yangu na moja kwa ajili ya dada yake.

Jumapili, 1 Juni

Nimemwambia. Nilifikiri nitanyamaza, ila nikijua jambo linamhusu mtu na nisimwambie nitakuwa Nassir wa pili, na mmoja anatosha kwa nyumba moja.

Hasina alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda dirishani. Mabega yakamtikisika, nikadhani analia, nikasimama nimshike. Kumbe anacheka, cheko la hasira lile, meno nje na machozi yanatiririka.

"Bi. Tumu anakupa pole! Kumbe Bi. Tumu hata hakujua kama nimefiwa."

"Wifi…"

"Ngoja kwanza. Wewe umeolewa naye, mimi nimezaliwa naye. Nani kapata hasara zaidi?"

"Wewe. Mimi nilimchagua nikiwa mjinga."

"Na yule wa lenzi? Kanipa cheti, kanishika mkono, kaniambia, mama, hii ni hazina. Nikakuchekea mbele za watu kwa sababu yake." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ufunguzi lini?"

"Tarehe tano Julai."

"Pazia nafungua mimi?"

"Wewe."

"Basi tumwekee kitu nyuma yake."

Jumatano, 18 Juni

Tumekutana jikoni kwa Hasina tena. Hatujawahi kukaa jikoni pamoja bila ya mmoja kutoka amenuna. Nassir ameitwa, amesimama kama mshitakiwa, amekubali kila kitu kabla hatujamaliza kusema. Hasina alimuuliza, "Utaweza?" Akajibu, "Wino upi?" Tukatazamana. Mtu hana aibu, ana ufundi.

Jumapili, 29 Juni

Manyunyu tu. Mahindi yamesimama. Chai bado kavu.

Jumamosi, 5 Julai

Jua tangu alfajiri. Nitaandika yote, presha ikitaka ipande.

Chumba kilijaa. Wazee wa upande wa pili wa Purity walikuwapo, mama yake alikuwapo, Dama wa Mama Bandia alikaa mbele kabisa. Judy alivaa dera, akalikanyaga, akatabasamu. Ukutani pazia zito la rangi ya damu ya mzee, na nyuma yake watu wote walijua iko leso ya Hasina.

Bwana Tembo akahutubia. Akasema jicho la mtaalamu haliongozwi na hisia wala na hadithi za kina mama. Akanitazama kidogo aliposema kina mama. Nikampa tabasamu langu la harusini.

Kisha Hasina akasimama, akasema ana ombi. "Kabla sijafungua, iko leso nyingine imepatikana. Ni ya zamani. Tungependa Bwana Mtaalamu atuhakikishie, watu wajifunze."

Leso yenyewe ni kuukuu, nimeitoa kwenye sanduku la mama. Nilikwenda kuichukua nyuma ya pazia, nikamletea mikononi, nimeikunja ili saini ionekane peke yake.

Alitoa tochi. Alitoa lenzi. Aliinama, akakaa hapo, akainuka uso umemng'aa.

"Mabibi na mabwana, hii ni yenyewe. Angalieni mkia huu. Hakuna binadamu mwingine awezaye kuupandisha hivi. Naithibitisha asilimia mia, na hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona."

Na ili watu waone mkia, akaupitishia kidole gumba.

Mkia ukahama. Ukafuata kidole chake, ukawa mstari mweusi mpaka kwenye pindo. Akatazama kidole. Akakisugua kwa kidole kingine, sasa vikawa viwili.

Hasina akavuta kamba. Pazia likafunguka. Hapakuwa na leso yoyote. Alikuwapo Nassir, ameketi juu ya kigoda, kikopo cha wino wa mabango kati ya miguu, brashi mkononi.

"Huyu ndiye Bi. Tumu wako," Hasina akamwambia. "Msalimie. Ni kaka yangu."

Nikamwambia Nassir aseme. Mara hii akasema kwa mdomo, yote, pazia na kaseti na mkia, na alipofika kwenye leso ya eda akamwomba dada yake radhi mbele ya watu. Wanaume watatu wenye umri wake walitazamana. Nadhani kila mmoja ana kaseti nyumbani kaifungia kabatini. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasimama akasema, "Hata mimi ninayo, TUMU, kwa piko! Mume wangu aliniambia niitupe!" Na mwingine. Na mwingine. Vigelegele vikapasuka, nikaona Dama anapiga kuliko wote.

Bwana Tembo aliondoka kabla ya pilau. Nilimfuata hadi mlangoni nikamwomba cheti cha leso yangu. Akasema atatuma. Vidole vyake alivificha mfukoni, suruali nyeupe.

Ijumaa, 11 Julai

Mama yake Purity alikuja kuniomba nirudi. Nikamkaribisha barazani, nikaingia ndani, nikafagia chumba kilichokuwa safi. Nilipotoka chai yake ilikuwa imepoa. Nikamwambia nitamfunda Purity, ila pamoja na Hasina. Hasina azungumzie subira na mimi mapishi.

Jumatano, 16 Julai

Cheti hakijaja. Judy anasema wenye hoteli bado hawakubali leso yangu itundikwe. "Mathee, watu wote waliona, mimi pia niliona, lakini wanataka karatasi."

Nimempelekea Hasina habari. Akafungua kabati, akatoa cheti chake, akauingiza ukucha chini ya ule muhuri wa dhahabu, akaubandua polepole bila kuupasua.

"Mwite kaka yangu," akasema.

Nassir aliketi na cheti cha Hasina mbele yake, akaangalia saini ya Bwana Tembo mara moja tu. Sisi tukamsomea maneno: kwamba ameichunguza leso ya Bi. Twaiba wa Msambweni, ameiona ni ya kweli, na kwamba siku alipoiita bandia hakuwa akijua alisemalo. Hasina alitaka iongezwe kwamba nywele zake anazipaka rangi. Nassir akakataa. Akasema mtaalamu haandiki hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempa Judy. Akaisoma, akanitazama.

"Bwana Tembo ndiye ameituma?"

"Imeletwa na mtu wake."

"Mathee…"

"Naam, mwanangu."

"Hakuna shida. Lakini wakubwa lazima wamtumie picha athibitishe."

Nikarudi nyumbani. Nimemwambia Nassir, akaacha kula.

Jumatatu, 21 Julai

Leso yangu imetundikwa. Nimeiona kwa macho yangu, TUMU ya piko nyuma ya kioo, jina langu chini, cheti pembeni. Wageni huanza kusoma cheti, ndipo huitazama leso.

Bwana Tembo amejibu. Judy alinionyesha kwenye simu. Ameandika kwamba ameichunguza ile saini kwa makini, ni yake, na anakumbuka alipoiweka.

Nilicheka njia nzima. Nimemsomea Nassir jibu hilo neno kwa neno, nikidhani ataruka. Akatikisa kichwa, akasema ile T haikumtoka vizuri.